Kandambili za Mtaa wa Kimya

Mume wangu Zamri alikuwa anatafuta kimya. Mimi nilikuwa natafuta watoto wa jirani. Tukapanda gari moja kwenda kutafuta vitu hivyo viwili mahali pamoja, na hapo ndipo mtu mwenye akili angegeuza gari.

Tuliishi Kuala Lumpur, ghorofa ya kumi na nne, juu ya njia panda ambayo pikipiki hazipumziki. Binti yetu Husna alikuwa na miaka mitatu na nusu na maneno kumi na moja. Niliyahesabu mwenyewe, nikayaandika kwenye karatasi na kuibandika kwenye friji. Manne aliyatoa kwenye matangazo ya televisheni. Moja lilikuwa "kelele", alilofundishwa na baba yake. Nesi wa kliniki ya watoto alimpima masikio, akamchungulia kinywa, akasema hana ugonjwa wowote.

"Huyu amekosa wenzake, mama. Mpelekeni penye watoto. Maneno watampa wao."

Zamri alisikia "mpelekeni" tu, yaliyobaki akayajaza mwenyewe: kitongoji tulivu, hewa safi, miti. Zamri huchora ramani za majengo, na kazi anaifanyia nyumbani. Alikulia katika nyumba ya watoto tisa na choo kimoja, na tangu siku hizo anadai fidia. Aliweka kwenye simu programu ya kupima kelele. Akapima sebule, akapima lifti, akampima mama yangu alipokuja kututembelea. Mama alipata themanini na mbili, na hakufurahi.

Taman Hening Permata ilikuwa safu za nyumba mpya nyuma ya mashamba ya michikichi, dakika arobaini kutoka mjini kwa kauli ya dalali, saa moja na nusu kwa kauli ya kibofu cha Husna. Dalali aliitwa Rizal, kijana aliyevaa tai siku ya Jumamosi kwenye jua la kukaanga yai.

"Sikiliza, bosi," akamwambia Zamri.

Tukasikiliza. Hakukuwa na kitu. Zamri akanyanyua simu yake.

"Thelathini na tatu," akasema, kwa sauti ya mtu aliyekuta jina la mwanawe kwenye orodha ya waliofaulu.

Mimi nilikuwa naangalia milango. Kwetu hakuna anayeingia ndani na viatu. Viatu hubaki nje, kwa hiyo mlango hukueleza habari zote kabla hujabisha: wako wangapi, nani amekua, nani ana wageni, nani amenuniana na mkewe akaondoka na buti zake. Nilipita milango ishirini na mbili. Sikuona hata kiatu kimoja.

"Watu wako wapi?" nikamuuliza Rizal.

"Kazini, dada."

"Leo Jumamosi."

"Basi wanapumzika. Wakaaji wetu ni watu wa faragha."

"Wanapumzika na viatu miguuni?"

Zamri akaingilia kati. "Mama Husna, mwache kijana wa watu. Umekuja kununua nyumba au viatu?"

Ningenyamaza hapo, tungeokoa Jumapili moja nzima. Lakini mimi nikishaanza sinyamazi. Nikamwambia, "Rizal, mdogo wangu, nisikilize. Siku nitakayoona kandambili za watoto kwenye milango hii, ndiyo siku nitakayotia saini."

Lilikuwa kosa, nami nalikiri hapa mara moja tu.

Rizal alipiga simu siku nane baadaye. Wakaaji wengi walikuwa wamerudi kutoka likizo, alisema. Likizo gani, sikumbuki kama ilikuwepo. Tukaenda. Tulipokata kona ya kwanza nilishika mkono wa Zamri, jambo ambalo nilikuwa sijalifanya tangu harusini. Kila mlango ulikuwa na kandambili ndogo. Za waridi, za bluu, za manjano, zimepangwa mbili mbili. Kichwani nikamwona Husna anakimbia na kundi. Nikaiona karatasi ya friji imejaa mpaka upande wa nyuma.

"Unaona?" Zamri akasema. "Watoto wapo, na mita inasoma thelathini na nne. Watoto wenye adabu."

Hapo ndipo nilipopaswa kushtuka. Watoto ishirini na mita ya thelathini na nne havikai pamoja, hata wakiwa wamefungwa kamba. Lakini nilikuwa nimeshalainika. Tukakaa kwenye nyumba ya maonyesho, Rizal akatandaza karatasi, akanipa kalamu, akatuletea na biskuti. Ndipo mvua ikashuka, ile ya alasiri isiyopiga hodi.

Kwetu mvua ikianza mama huokoa kwanza nguo za kwenye kamba, pili viatu vya nje, tatu mtoto. Nilitazama dirishani nikiwa na kalamu mkononi. Safu nzima ya kandambili ilikuwa inanyeshewa. Mlango wa kwanza haukufunguka. Wa pili haukufunguka. Pea moja ya manjano ilielea, ikateremka ngazi, ikaondoka zake na maji ya mfereji, na hakuna aliyetoka kuifuata.

"Rizal, mbona hakuna mama anayeokoa viatu?"

"Labda wamelala, dada. Hapa watu wanalala vizuri sana. Kimya chenyewe hiki."

"Mama wa watoto wadogo amelala mchana?" nikasema. "Nionyeshe huyo. Namnunua yeye badala ya nyumba."

Mvua ilipokatika Husna alituponyoka. Tulimkuta kwenye mlango wa jirani amevua viatu vyake, anajaribu kandambili za waridi, kama mtoto yeyote anavyojaribu viatu vya mwenzake. Zikamkaa. Akaenda mlango wa pili, akajaribu za bluu. Zikamkaa. Mlango wa tatu, wa nne. Nikaokota pea moja, nikageuza soli. Karatasi ya bei ilikuwa bado imebandikwa. Soli haikuwa na tope wala alama ya kidole gumba.

"Mtaa mzima," nikamwambia Rizal, "una watoto wa miaka mitatu na nusu tu?"

"Rika moja, dada. Wataanza shule pamoja."

Nilimtazama. Alikuwa hata hajapepesa macho. Kijana yule ana kipaji, na siku moja atakuwa mbunge.

Zamri alikuwa bado anatafuta njia ya kuokoa kimya chake. "Hata kama wengine hawajahamia," akaanza, "mwishowe watahamia. Tuwe wa kwanza. Kuna ubaya gani kuwa wa kwanza?"

"Akina nani watahamia?" nikasema. "Rizal, hizi nyumba ni za nani?"

Rizal akalegeza tai. "Za wawekezaji, dada. Wamenunua wasubiri bei ipande."

"Na kandambili?"

"Dada, si uliomba kandambili mwenyewe?"

"Niliomba miguu."

Husna alikuwa hatusikilizi. Alikuwa anagonga. Aligonga mlango wa nyumba ya tano kwa kiganja, akarudi nyuma hatua moja kama nilivyomfundisha, akasubiri na mikono nyuma. Akasubiri kwa muda ambao mtoto wa umri ule huwa hasubiri hata peremende. Kisha akaenda wa sita, akagonga, akarudi nyuma, akasubiri. Kwenye wa saba alisogeza mdomo kwenye tundu la ufunguo akatoa maneno yake yote, moja baada ya jingine, mpaka matangazo ya sabuni. Yalipomwishia akaketi kwenye ngazi, akazipanga zile kandambili zilizolowa pembeni yake, akakaa nazo.

Zamri alikuwa ameshika simu. Niliona namba: thelathini na moja, bora kuliko zote. Hakuisoma kwa sauti. Akaiweka mfukoni, akamwendea Husna, akamnyanyua.

"Twende," akasema.

"Bosi, ofa inaisha leo," akasema Rizal.

"Iache iishe," akasema Zamri, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue ilikuwa ni yeye mwenye sauti ya themanini na mbili.

Tulisimama kula kwenye kitongoji cha zamani kilichopo kabla ya barabara kuu, kwa sababu njaa haijali dalali. Kibanda kilikuwa cha Mak Cik Temah, mama wa makamo anayeuza wali wa nazi na kutukana kuku kwa pumzi moja. Kwenye mlango wa nyumba yake palikuwa na lundo la viatu, si safu. Kandambili zilizotafunwa na paka, pea zisizofanana, moja imefungwa kwa waya.

"Wajukuu wangapi?" nikamuuliza.

"Wangu watatu. Waliobaki sijui ni wa nani, wanakula tu."

"Kuna nyumba ya kupanga hapa?"

"Hiyo ya pembeni. Bomba linavuja, jogoo ana kichaa, na kijana wa kule anajifunza ngoma. Mumeo ataweza?"

Zamri alitoa simu kwa mazoea. Sabini na tisa. Akanywa chai yake yote, akaagiza nyingine.

"Atajua mwenyewe," akasema Mak Cik Temah, akimtazama kwa huruma ndogo.

Tulihamia hapo pembeni mwezi uliofuata. Zamri ameziba dirisha la chumba cha kazi kwa godoro. Jumamosi moja asubuhi watoto saba walikuwa wanajenga kigari mlangoni kwetu kwa mabati, na Zamri akatoka na simu juu kama mwenge, akawasomea namba, akawaeleza kwa kirefu faida za utulivu. Walimsikiliza wakiwa wameduwaa. Husna akasimama, mkono kiunoni, vile vile asimamavyo Mak Cik Temah akitukana kuku.

"Baba, rudi ndani, unatupigia kelele."

Maneno matano, yamefuatana. Nilikwenda kwenye friji nikaitoa ile karatasi.

Zamri alirudi ndani. Alikuwa ametoka miguu mitupu, maana kandambili zake alizoziacha mlangoni zilikuwa zimeshakuwa magurudumu.