Shemasi Mwenye Ufunguo wa Ofisi

Kama kuna mtu aliyestahili kupachika waifai katika lile kanisa la Waadventista lililo juu ya barabara ya Nyamira, basi ni Haron Mogire, na anayebisha hakuwepo. Ni yeye aliyeliwekea stima lilipokuwa bado kibanda cha mabati. Lilipojengwa upya kwa mawe, ni yeye aliyepanda darini kupitisha nyaya huku wenzake wakinywa uji chini ya migomba. Hakulipwa wala hakudai. Alisema anamfanyia Mungu. Lakini mtu hata akimfanyia Mungu, moyoni huwa kuna binadamu mmoja anayetaka amwone.

Kwa Haron, binadamu huyo alikuwa mama yake, Bathsheba. Mama alikuwa hatoki tena kitandani. Miguu ilikataa, na macho nayo yalikuwa ya kubahatisha. Waliishi boma moja, ng'ambo ya bonde, na kila Haron alipompelekea chai alimwambia yale yale.

"Siku watakayokusimamisha mbele ya watu nikakuona, nitakubariki. Ndugu zako wamepata zao. Yako bado nimeiweka."

Ndugu zake walikuwa wamepata kweli, mmoja alipojenga nyumba ya mawe, mwingine alipohitimu ualimu. Haron, kitinda mimba, alikuwa ameanza kuota mvi na bado anangoja.

Basi baraza la kanisa likaamua kuweka waifai, ili siku ya kuliweka kanisa wakfu ibada irushwe moja kwa moja, wagonjwa na wazee waione wakiwa majumbani. Pale mlimani mtandao wa simu huja na kwenda, na ndani ya kuta zile nene haufiki kabisa. Haron akafika kikaoni amevaa tai, akaeleza mpango wake: vifaa vinne vya kupachikwa ukutani, na kando ya kila kifaa soketi yake ya stima. Alieleza vizuri, na Mzee Ongeri, mzee wa kwanza wa kanisa, alikuwa ameshaanza kutikisa kichwa kukubali.

Hapo akasimama Cleophas Ondieki. Kijana mrefu, mwenye kampuni yake ndogo mjini Kisii, aliyehamia kanisa lile juzi juzi tu baada ya kuoa upande huo.

"Ndugu Haron amesema vyema," akasema. "Ila soketi hazihitajiki. Waya ule ule unaobeba mtandao unaweza kubeba na stima. Tunaweka kisanduku kimoja ofisini, pale intaneti inapoingilia, halafu kila kifaa kinavutiwa waya wake kutoka pale. Basi."

"Waya mmoja tu?" Mzee Ongeri akauliza.

"Mmoja tu, mzee."

Kazi ikamwendea Cleophas hivyo, watu wanaangalia. Kipya kinyemi. Haron akapongezwa kwa mchango wake, na wewe ukisikia unapongezwa kwa mchango wako, jua umeshanyimwa.

Wiki ile ya kazi Haron hakukosa hata siku moja. Alijidai amekuja kusaidia, lakini alikuja kutafuta kosa, na alilitafuta kama mtu atafutaye kiroboto kwenye blanketi. Cleophas alipima kwa utepe. Alichagua mahali palipo juu ya vichwa vya watu, mbali na nguzo, mbali na mabati, kifaa kitazame viti. Kabla ya kutoboa ukuta alibandika bahasha chini ya alama, vumbi lote likamwagikia humo, sakafu ikabaki safi. Alipanga nyuzi za waya kwa rangi zake, akazibana kwenye kichwa chake cha plastiki, akazipima, kisha akakipachika kifaa, cheupe kama kisahani, ukutani na taa ndogo ya buluu ikawaka. Kosa halikuonekana, na hilo ndilo lililomuuma Haron kuliko kosa lenyewe.

Kisha kuna Edinah, mke wake. Edinah ndiye aliyekuwa akileta chai na ndizi za kuchemsha.

"Tazama alivyouficha waya, Baba Linet," akasema, ameinua shingo. "Huwezi hata kujua upo."

"Kwani zangu zinaning'inia?"

"Nimesema zinaning'inia?"

Hakusema. Lakini macho yake yalikwenda kwenye nyaya za Haron zilizopita ukuta ule ule, na Haron aliyaona yakienda, akaiweka chai chini.

Siku mbili tatu baadaye alikuta chini ya kitanda chao blanketi jipya, zito, limefungwa kwa utepe, na juu yake lile taji la karatasi za kumetameta wanalovishwa watu shingoni kwenye sherehe.

"Hili ni la nani?"

"La kina mama wa Dorkasi wa kanisa. Usiliguse."

"La kumtuza nani?"

"Utaona Sabato," Edinah akasema, akatabasamu.

Lo, tabasamu lile lilimkata maini. Haron hakuhitaji kuambiwa zaidi. Fundi wa bahasha ndiye atakayesimamishwa mbele, avishwe taji na mke wa Haron, kwa mikono ile ile inayompikia Haron ugali. Miaka yote ya kupanda darini imekwenda bure, mgeni wa juzi anatuzwa. Wahenga walikataza mtu kuacha mbachao kwa msala upitao, lakini nani siku hizi anawasikiliza wahenga.

Sasa lazima nieleze jambo moja la kanisa lile, maana pasipo hilo hutaelewa ubaya alioufanya. Nyuma ya kanisa kuna jengo refu lenye ofisi ya kanisa na vyumba vya kupangisha: mpangaji mmoja anatoa fotokopi, mwingine anasuka nywele. Zamani mpangaji mmoja alikamatwa akitoa fotokopi Sabato, ibada ikiendelea. Wazee wakakasirika, wakapitisha kwamba kila Ijumaa jua likizama stima ya jengo lile lote ikatwe na ofisi ifungwe, hadi Jumamosi jua lizame tena. Kanisa lina laini yake, haliguswi. Mwenye kukata ni shemasi, na shemasi ni Haron, na ufunguo uko mfukoni mwake.

Na kisanduku cha Cleophas kilikuwa ofisini. Kikikosa stima, vifaa vyote vinne kule kanisani vinakufa, hata kama taa zinawaka na vipaza sauti vinanguruma. Wapangaji walilijua jambo la Ijumaa, wazee walilijua, lakini nani kati yao aliwaza kwamba vifaa vya kanisani vinakula stima ya ofisini? Haron peke yake ndiye aliyeziunganisha habari zote mbili. Cleophas alikuwa amejaribu mtambo wake katikati ya wiki, ukafanya kazi vizuri kabisa.

Alipokuwa akikusanya vyombo vyake alimwendea Haron kwa heshima.

"Ndugu Haron, wewe ndiye unayeijua stima ya hapa. Hii soketi ya ofisini naweza kuitegemea?"

"Niliiweka mwenyewe," Haron akajibu. "Haijawahi kunisumbua."

Kila neno lilikuwa kweli. Shetani naye akitaka husema kweli.

Ijumaa jua likaenda kuzama. Haron akasimama mbele ya swichi kubwa, mkono juu yake, na nisimwonee, alisita. Sentensi moja kwa simu ingetosha. Lakini akaliona lile taji shingoni mwa Cleophas, akamwona na Edinah akilinyoosha likae sawa, roho ikamkauka. Huu ni utaratibu wa kanisa, akajiambia, mimi nafanya kazi yangu tu. Akaishusha swichi, akafunga mlango, akaenda nyumbani kuifungua Sabato na familia yake. Aliimba kwa sauti nzuri kuliko wiki zote.

Kesho yake, siku ya kuwekwa wakfu, kanisa likajaa hadi madirishani. Linet, binti yao, alibaki nyumbani na nyanya yake. Walikuwa karibu na mnara wa simu, mtandao wa kule haukuwa na shida. Bathsheba alivalishwa kitambaa cheupe kichwani, akaegemezwa mito, simu ikasimamishwa mbele yake juu ya kigoda.

Kule kanisani simu ya kurushia ibada ilikuwa tayari juu ya miguu yake mitatu, ila mtandao haukuwepo. Cleophas alitazama ukutani, taa zote za buluu zimezimika. Akapanda juu ya benchi na suti yake, akagusa waya, akashuka. Akapanda upande wa pili. Jasho lilikuwa limeloanisha kola. Mwishowe akaja akainama sikioni mwa Haron.

"Kaka, naomba ufunguo wa ofisi. Lazima tatizo liko kule."

"Sabato ofisi haifunguliwi."

"Dakika moja tu."

"Hata nusu. Kama unataka kuvunja utaratibu, kamuulize Mzee Ongeri."

Mzee Ongeri alikuwa ameshapanda mimbarani. Cleophas akarudi kusimama kando ya simu yake. Haron akakunja miguu. Waya mmoja tu, mzee. Alifurahi, na sitamfichia: alifurahi mpaka ikabidi ajifanye anasoma Biblia.

Ndipo Mzee Ongeri akasafisha koo.

"Kabla ya mahubiri tuna shukrani. Ndugu Haron Mogire, hebu njoo hapa mbele."

Haron akadhani anatumwa kitu. Akaenda. Alipofika tu, kina mama wakapiga vigelegele, na Edinah akatokea mlangoni na lile blanketi mikononi, anacheza na kulia kwa pamoja.

"Huyu ndiye aliyetupa mwanga tangu tukiwa kwenye mabati," Mzee Ongeri akasema. "Na sisi tulimzoea, tukamsahau. Ni Ndugu Cleophas aliyetuaibisha. Alipopanda kule darini akaona kazi iliyofanywa, akatuuliza, mtu huyu mlishawahi kumshukuru? Blanketi hili ni la mama aliyemzaa. Najua Mama Bathsheba anatuangalia sasa hivi."

Akaielekezea mkono ile simu. Watu wote wakageuka wakaipungia, wanatabasamu. Haron naye akaitazama. Ng'ambo ya bonde mama yake alikuwa ameegemea mito, macho yale mabovu yamekodolea kioo kitupu, kwa sababu yeye Haron alishusha swichi.

Angeweza kusimama pale pale, akavikwa, akapigiwa makofi, na hakuna ambaye angejua. Badala yake akasema, "Nisamehe, mzee, narudi," akapita katikati ya watu mbio, taji halijamgusa.

Alifungua ofisi, akaipandisha swichi. Lakini mitambo ile haina haraka ya binadamu. Ikikatiwa stima huamka polepole: taa ya njano, halafu ya kupepesa, halafu giza kidogo mpaka udhani imekufa, kisha ya buluu. Aliogopa kuondoka isije ikagoma. "Amka," akakiambia kisanduku. "Amka, nakuomba." Kanisani alisikia wimbo umeanzishwa, ukaisha.

Aliporudi mlangoni, taa zote nne ukutani zilikuwa buluu. Mzee Ongeri ni mtu wa programu, na programu yake haimsubiri mtu. Alikuwa amemwita Cleophas apokee kwa niaba ya mwenzake. Cleophas alisimama mbele, taji shingoni, blanketi mabegani, anaitazama simu.

"Mama Bathsheba, shikamoo," alikuwa akisema. "Hili ni lako. Ndugu Haron ametoka kidogo tu, anashughulikia mtandao ili mtuone."

Kisha akainua macho, yakakutana na ya Haron kule mlangoni, yakashuka hadi kwenye ufunguo uliokuwa bado mkononi. Alijua yote. Na hakusema neno, si wakati ule, si baadaye. Haron akamchukia kwa hilo kuliko kwa yote yaliyotangulia. Laiti angemwaibisha mbele ya watu, wangekuwa sawasawa.

Edinah pia aliutazama ule ufunguo. Waliteremka bondeni pamoja, yeye mbele na Haron nyuma na blanketi, na hakugeuka hata mara moja.

Mama alikuwa na furaha ambayo Haron hakuwa ameiona kwa muda mrefu. Alilipapasa blanketi, akalinusa.

"Mwanzo hakukuwa na kitu," akasema. "Linet akaniambia ningoje, nikangoja. Mara kanisa likatokea lote, na kijana mrefu amevaa blanketi langu. Akanisalimia kwa jina langu, Haron. Tangu nilale hapa, nani mwingine kule kanisani amenitaja kwa jina?"

"Anaitwa Cleophas, mama."

"Linet aliniambia. Nikainua mkono nikambariki. Ile niliyokuwa nimeiweka, nikampa."

Edinah alikuwa mlangoni, akasikia, akatoka nje.

"Na mimi, mama?"

Mama akageuza uso kuifuata sauti yake.

"Wewe nilikutafuta, mwanangu. Nilimwambia Linet asogeze simu karibu, akaisogeza. Sikukuona."