Sweta la Kipimo

Kila msimu wa baridi, mji ule wa bondeni ulikaa ndani ya moshi kama maharage ndani ya chungu kilichofunikwa. Milima iliuzunguka pande zote, upepo uligoma kushuka, na kilichochomwa asubuhi kilikuwa bado kinanuka jioni. Kilichochomwa zaidi ni taka, katika shimo lililokuwa nyuma ya soko, chini ya usimamizi wa bwana mmoja aliyeitwa Kiberiti, aliyeipenda kazi yake kupita kiasi.

Katika nyumba ya tatu kutoka shimoni waliishi Mzee Taratibu, mlinzi wa zahanati, na mkewe. Mkewe alikuwa na pumu. Miezi mitatu kila mwaka alilala ameketi, kama mtu anayesubiri kuitwa kwa daktari. Mzee alimwombea kila alfajiri kwa magoti yote mawili, hata lile la kushoto ambalo mganga alikuwa amelipatia likizo.

Mwaka ule halmashauri ilileta kipimo cha hewa, kisanduku cheupe chenye kidirisha cha namba, kikafungwa kwenye nguzo uani mwa zahanati. Afisa wa mazingira, binti mpole mwenye daftari, alimweleza mzee kwamba kitapima kwa siku kumi. Wastani ukizidi mia moja, hewa ni mbaya na shimo litafungwa. Usipozidi, moto utaendelea. Akamwomba akitunze kama mboni ya jicho na kumpigia simu kila jioni kumsomea namba, akaenda zake.

Siku tatu za kwanza namba zilikuwa mia na themanini, mia na tisini na tano, mia mbili na kumi. Mzee alifurahi, lakini roho ilimuuma kuona kisanduku cha watu kinalala nje na masizi usoni. Nyumbani kwake hakuna kilichokaa uchi. Redio ilikuwa na kitambaa, birika lilikuwa na kitambaa, na kabati la vitambaa nalo lilikuwa na kitambaa chake. Akamweleza mkewe. Mkewe akafuma sweta la sufu nzito, lenye vifungo vinne na tundu la kuonea namba, akalitia nailoni kwa ndani lisipitishe umande.

Siku ya nne, namba ilikuwa kumi na mbili.

Mzee alipiga magoti palepale uani. Aliona Mungu ameiruka halmashauri na kusafisha hewa mwenyewe. Mkewe alipouliza mbona yeye bado anakohoa, alijibiwa kwamba uponyaji umeshafika, ila kikohozi hakijapata taarifa. Katika maombi ya Jumatano mzee alisimama akatoa ushuhuda. Watu walitokwa na machozi, wengine kwa sababu ya moshi.

Siku ya kumi afisa aliwakusanya watu katika chumba cha kusubiria cha zahanati. Kiberiti alikuja na shati lililopigwa pasi. Binti akasoma daftari lake: wastani sitini na saba. Shimo litaendelea. Kiberiti akainuka kuwashukuru wote, na mke wa mzee akashikwa na kikohozi hadi akashika ukuta.

Afisa alimtazama, akalitazama daftari. Akauliza kama kuna lolote lililotokea siku ya nne.

Mzee alihisi jasho. Nusu ya waliokuwa mle walikuwa wenzake wa maombi. Akisema, ushuhuda wake umekwisha. Akinyamaza, mkewe atalala ameketi.

"Binti yangu," akasema, "mimi nilikivisha sweta."

"Ulikivisha nini, baba?"

"Sweta. Lina vifungo."

Wakatoka wote uani. Mkewe, huku bado anahema, alifungua vifungo mwenyewe, maana alisema mwanamume hajui kifungo. Namba ikaanza kupanda: arobaini, tisini, mia na sabini. Ilipofika mia mbili na thelathini na moja, afisa alipiga mstari juu ya siku saba. Zilizobaki tatu, alisema, zinatosha.

"Kwa hiyo mzee," akauliza Kiberiti, "muujiza wako ulikuwa wa sufu?"

"Ulikuwa wa sufu," akakubali mzee. "Jumatano nitaurudisha."

Na aliurudisha kweli, moto wa shimo ukiwa umeshazimwa, mbele ya watu, akatokwa na jasho upya. Hakuna aliyemcheka isipokuwa mkewe, aliyecheka mpaka akagundua kwamba hakohoi.

Wiki mbili baada ya shimo kufukiwa, saa nane mchana, mkewe alijilaza chali kitandani akalala fofofo. Alikoroma hadi vikombe vikagongana kabatini. Mzee alitoka nje, akapiga magoti, akashukuru kwa moyo wote. Kisha akaanza kuomba jambo dogo kuhusu huo mkoromo. Akasita. Akamwambia Mungu asahau, asijisumbue, hilo watalimaliza wenyewe.