Hamira kwenye Kabati la Seli

Kisahani cha seli kilichopaswa kuwa angavu kilikuwa na ukungu kama maji ya mchele. Anthea alikiweka chini ya hadubini. Vitone vya mviringo, kila kimoja kikichipua kingine. Hamira.

"Tumeingiliwa," alisema. "Hiki cha rafu ya kati, tulichokilisha mimi na Duc kwa zamu."

Bernadette, bosi wao, alikuja mbio. Seli shina zile zilitoka kwenye mji wa mimba wa mama mmoja wa Geelong, kabla haujaondolewa. Hakukuwa na nyingine. Ndani ya visahani zilikuwa zimeshajijenga kuwa utando kama ule unaopokea mimba, na wiki hiyo zingetiwa homoni, zionyeshe kwa nini mimba zake zote ziliharibika. Mdogo wake, mwenye shida ileile, alikuwa akisubiri jibu.

"Nani hapa anapika bia kwake?" Bernadette aliuliza, macho kwa Duc.

"Bosi, mapipa yangu makavu tangu Krismasi!"

"Sheria unaijua. Ukishika hamira, chumba hiki hukiingii. Ulivyolisha wewe, rafu ya juu, vyote mwagia dawa. Tuokoe vya Anthea vya rafu ya chini."

"Bia yenyewe uliinywa wewe," Duc alinung'unika, lakini akafungua kabati la joto.

Hapo Anthea akakumbuka. Jumamosi alikuwa jikoni na binti yake, unga mpaka puani, wakisuka mkate wa Pasaka, simu ikaita: Duc anaumwa, njoo ulishe seli za rafu ya kati na zako; za juu alishazilisha jana. Alinawa, akavaa glavu, akakimbia. Nywele zilizojaa unga na hamira hata hakuziwaza. Na mkataba wake wa kazi ulikuwa unaisha mwezi ujao.

Duc alikuwa ameshainua chupa ya dawa.

"Acha!" Sauti ilimtoka Anthea kali kuliko alivyotaka. "Siyo yeye, ni mimi. Nilikanda mkate Jumamosi. Vya kumwaga ni vyangu."

"Mama wee, Anthea!" Bernadette alishika kichwa. "Haya, toka nje. Duc, hamishia vya juu kabati jingine. Fanya haraka!"

Wiki nzima Anthea aliwatazama kupitia kioo cha mlango, kama mzazi wa mtoto aliyelazwa. Siku ya kupima, Duc aliinamia hadubini, akakaa hapo mno. Anthea akabandika uso kwenye kioo.

Duc akageuka, meno yote nje.

"Safi kabisa! Na seli zimeitikia homoni, zimenona hizo! Njoo uone!" Kisha akakumbuka. "Hapana, we mama mikate, baki hukohuko!"