Metali Isiyotajwa

Ukumbini kila mtu alijua ni metali gani imo ndani ya kile kipande cheusi cha plastiki, ila Zauresh, aliyekitengeneza kwa mikono yake, ndiye hakuweza kuitaja.

Miaka mingi katika maabara ya mji wa Karaganda alikuwa akipika polyesta, akiigandisha mpaka iwe ngumu lakini bado inakunywa maji, akiilowesha kwenye chumvi ya metali, kisha akiitia dawa ya kuigeuza chumvi ile kuwa chembechembe za metali ndani kwa ndani. Nikeli aliitaja. Kobalti aliitaja. Ya tatu ilikuwa fedha, na fedha kwa Kikazakhi ni kumis, na baba mkwe wake aliitwa Kumisbek. Mkaza mwana aliyelelewa akaleleka hatamki jina la baba mkwe, wala neno linalofanana nalo. Nyumbani hata vijiko vya fedha aliviita vile vyeupe, na mama mkwe alijisifia jambo hilo kwa majirani.

Maabarani walisema Kirusi, na Kirusi hakijui mkwe: huko fedha ina jina jingine kabisa. Lakini tasnifu yake ya udaktari aliapa kuitetea kwa Kikazakhi, maana alichoka kuambiwa kwamba lugha ya mama yake inafaa kwa kondoo na harusi tu. Hakufikiri mzee angekuja, kwa magoti yale yaliyoharibikia kwenye machimbo ya makaa. Kumbe ndiye huyo, safu ya mbele, kofia mapajani.

Basi akasema, "Ile metali nyeupe." Profesa Tolegen, mtahini wake, akamkatiza: nikeli nayo nyeupe, kobalti nayo nyeupe, anasema ipi? Zauresh akaonyesha alama yake ya kikemia ubaoni. Profesa akajibu kwamba alama si jina, na kama Kikazakhi kimemshinda arudi tu kwenye Kirusi, hapana atakayemcheka. Wawili watatu wakacheka hapo hapo. Zauresh akapima moyoni. Akihama lugha, kiapo kimekufa. Akilitaja neno, amemvunjia mzee heshima hadharani.

Mzee akainuka, taratibu, akishikilia mkono wa kiti chake.

"Profesa, niwie radhi. Kumisbek ni mimi."

Mzee akamgeukia Zauresh.

"Mwanangu, hiyo metali ukiiosha inatoka?"

"Haitoki, baba. Tumeiosha mpaka maji yamechoka."

"Basi imechukua tabia yako. Tangu uingie kwangu jina langu halijakutoka mdomoni, hata siku ulizokuwa na hasira nami, na zilikuwepo. Heshima hiyo nimeila nikashiba. Leo litaje. Na ulitaje kwa sauti, hawa wa nyuma wasikie."

Profesa Tolegen alivua miwani, akaifuta, akasema kwa upole kwamba mama yake naye alikuwa hivyo hivyo, na kwamba angepaswa kuelewa mapema.

"Kumis," Zauresh alisema. Akalirudia. Likaja jepesi, kisha likaja kwa fahari: kumis inayoshikwa na polyesta, kumis isiyooshwa ikatoka, kumis ya Karaganda, kwa Kikazakhi, mwanzo hadi mwisho.

Na kila alipolitaja, mzee kwenye safu ya mbele aliitikia kwa sauti ya chini, "Naam."