Mama Mkwe Chini ya Ngazi

Mama Yasinta wa Zuzu alikuwa na mkwe mmoja tu, na alimpenda kuliko alivyokuwa tayari kukiri mbele ya watu. Angemwonyeshaje? Kwa Wagogo wa kwao, mama na mume wa binti yake hawazoeani. Hawatazamani usoni, hawali pamoja, na wakikutana njiani mmoja anachepuka kama mtu aliyesahau kitu nyumbani. Tangu Noeli amuoe Yasinta, mama alimjua kwa sauti ya kukohoa uani, kwa sukari aliyomletea, na kwa kanga ya kila Krismasi. Akiwa na neno naye alimwambia Yasinta, hata kama Noeli mwenyewe amekaa palepale, amewapa mgongo, anasikia kila kitu.

"Mwambie mwenzio ile nyama ilikuwa nzuri."

"Mwambie mama nashukuru," mgongo ulijibu.

Basi mapenzi yao yalikuwa hayo, na yaliwatosha, mpaka Mzee Wilbert alipougua.

Wilbert ndiye aliyemfundisha Noeli kazi ya kuezua mapaa ya zamani mjini Dodoma. Majengo ya siku nyingi yana mabati ya asbesto, yale ya kijivu, mazito, yanayofanana na saruji, na mji unavyojengwa upya yanashushwa yawekwe mengine. Wilbert aliyakata kwa msumeno na kuyavunja kwa nyundo maisha yake yote, akishuka jioni mweupe mpaka kope, kama katoka kusaga unga. Sasa alikuwa amelazwa, na ugonjwa ulikuwa saratani ya mapafu. Daktari alipomuuliza kazi yake, akaagiza na wenzake waje wapimwe kifua.

Picha ya Noeli ilitoka safi. Yasinta alikwenda Zuzu kumpa mama yake habari hiyo, lakini uso wake haukuwa wa habari njema.

"Sasa unalilia nini?" mama akamuuliza.

"Daktari anasema lile vumbi ukishalivuta halitoki lote, mama. Linakaa humo. Linaweza kukaa miaka ishirini, thelathini, ndipo saratani ianze. Na mvuta sigara ndiyo balaa zaidi. Sigara nimemwachisha."

"Na vumbi?"

"Jumatatu anarudi kazini. Wanaezua bohari moja karibu na reli. Daktari anataka wavae barakoa, mabati yaloweshwe na yasikatwe. Barakoa zipo, zimefungiwa stoo, msimamizi anaziweka kwa ajili ya siku ya wakaguzi. Na wao wenyewe wanasema zina joto. Nimesema mpaka nimechoka, mama. Ananijibu kazi ni kazi."

Mama Yasinta akaendelea kuchambua mlenda, lakini vidole vyake vilikuwa na hasira. Alimkasirikia msimamizi, akamkasirikia Noeli, na zaidi akazikasirikia adabu zilizomziba mdomo asiweze kumshika kijana masikio akamwambia la moyoni. Alikuwa anaogopa, huo ndio ukweli. Hakutaka binti yake awe mjane, na hakutaka kumzika kijana yule. Halafu akawaza: hizo adabu, kwani zinamfunga yeye peke yake?

Jumatatu alipanda gari la alfajiri, mkeka kwapani. Alipofika kwenye bohari, Noeli alikuwa ndiyo kwanza amefika juu ya paa na msumeno wake. Mama Yasinta akapita getini, akatandika mkeka chini ya ngazi, akakaa na kunyoosha miguu.

Noeli akatupa macho chini, akaganda. Kusimama juu ya kichwa cha mama mkwe, umevaa bukta na kifua wazi, ni jambo ambalo hata mlevi halifanyi. Aliteremkia upande wa pili kwa bomba la maji ya mvua, akaenda kujificha nyuma ya lori. Vijana wenzake nao wakamfuata, maana mkwe wa rafiki yako ni mkwe wako. Paa likabaki na kunguru.

Msimamizi, Zaidi, Mrangi wa Kondoa, akaja na kofia mkononi.

"Shikamoo, mama. Kuna tatizo?"

"Marahaba, baba. Hakuna. Nimekuja kupumzika."

"Hapa ni kazini, mama."

"Naona."

Akamletea chai ili amlainishe. Chai akainywa, akashukuru, hakuondoka. Zaidi akaenda nyuma ya lori.

"Noeli, mwondoe mama yako."

"Mimi siwezi kumtokea. Mwondoe wewe."

"Nimburute mama wa watu mimi? Kondoa nitarudi na sura gani?"

Siku ikaisha hivyo. Kesho yake alfajiri mkeka ulikuwa palepale. Zaidi hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu wa haraka tu, na sasa haraka zake zote zilikuwa zimekaliwa. Akachuchumaa mbele yake.

"Mama, sema unachotaka."

"Wavae barakoa zilizo stoo. Mabati yaloweshwe maji kwanza, yafunguliwe misumari, yashushwe mazima. Hiyo misumeno iondoke."

"Lakini mama, ugonjwa wenyewe unachukua miaka thelathini!"

"Baada ya miaka thelathini Noeli atakuwa na umri wangu huu. Wewe unaniona mimi nimeshamaliza kuishi?"

Zaidi alicheka bila kupenda. Kisha kicheko kikamkauka, akainuka kwenda kufungua stoo.

Barakoa zilikuwa bado kwenye nailoni, zile nzito za mpira zenye vichujio viwili mashavuni. Vijana wakavaa wakinung'unika, wakavaa na maovaroli, bomba la maji likavutwa. Ikabaki Noeli apande, na ngazi ilikuwa pale alipokaa mkwewe.

Akaja ameinamisha kichwa kama kawaida. Mama Yasinta naye alikuwa anageukia pembeni, kama kawaida, alipoona kwamba uso wa kuonea haya haupo. Umefunikwa kuanzia puani mpaka kidevuni. Akainua macho, akamtazama. Noeli naye akamtazama. Alikuwa na macho ya upole, na kovu dogo kwenye nyusi. Miaka yote ile mama mkwe hakuwahi kulijua.

"Noeli," alisema, bila kupitia kwa mtu.

"Mama." Sauti ilitoka nzito ndani ya mpira. "Nisamehe kwa usumbufu. Lakini yale mavumbi niliyokwisha kuvuta, mama, ndiyo yameshaingia. Hayatoki."

"Najua, mwanangu. Usiongeze mengine."

Noeli akaitikia kwa kichwa. Mama Yasinta akakunja mkeka, akasogea mbali na ngazi ili mwanawe apande.