Matunda ya Gundi

Papai la mwisho lilipasukia ndani ya pipa la taka, juu ya vichwa vya samaki, na nzi wakalivamia kabla Everlides hajafungua kinywa. Aliyelitupa ni Wilfrido, mlinzi wa lango la ukuta wa kale, mtoto wa shangazi yake kule kijijini kwao Palenque. Hakumtazama usoni.

“Nisamehe, dada. Amri ya ofisi. Maji ya matunda yanatia mawe madoa.”

“Miaka thelathini na moja nakatia matunda hapa, leo ndiyo mawe yameanza kuona kinyaa?”

“Nenda kamwone Dokta. Anatoa vitambulisho vya kufanyia kazi hapa.”

Dokta Bustillo, bwana mkubwa wa mambo ya urithi wa mji, alimzunguka mara mbili kama anayenunua mbuzi.

“Safi sana, mama! Sura unayo, umbo unalo. Wewe mwenyewe ni urithi! Utavaa gauni hili, utasimama langoni, watalii watakupiga picha. Watakachokupa ni chako.”

“Na matunda yangu?”

Dokta akamsogezea beseni. Papai, ndizi, nanasi, yote ya plastiki, yamegandishwa kwa gundi.

“Haya utayabeba kichwani, hayaozi wala hayachuruziki. Kisu utaniachia. Na kelele za kunadi basi, wageni wanalalamika.”

“Dokta, mimi ni muuza matunda.”

“Wanaoitaka nafasi hii ni wengi, mama.”

Everlides aliikumbuka sufuria yake, haijapanda jikoni tangu juzi. Akaweka mezani kisu alichoachiwa na mama yake. Droo ilipofunguliwa aliona visu vingine tele humo ndani. Chenye mpini uliozungushiwa waya kilikuwa cha Teófila, jirani yake.

Siku ya kwanza langoni, fundi anayekarabati ukuta, mteja wake wa miaka, alimjia akijifuta chokaa.

“Nikatie papai, Mama Eve.”

“Ligonge kwanza.”

Akaligonga. Akacheka, kisha akaacha kucheka, akaenda zake na njaa yake.

Juu ya ukuta, kwenye mawe yaleyale, mgahawa wenye kibali ulikuwa umepanga meza. Wateja walimwaga mvinyo wakicheka, wakala papai kwa uma. Jumapili mchana mhudumu alikung'uta sinia upande wa nje. Maganda ya papai, ndimu zilizokamuliwa na vichwa vya kamba vikamwangukia Everlides miguuni, na maji yake yakatambaa kwenye mawe.

Dokta alikuwa akipita na wageni.

“Mama! Tulikubaliana nini kuhusu matunda?”

“Yametoka juu, Dokta.”

“Hapa muuza matunda ni nani? Okota, kabla sijachukua hicho kitambulisho.”

Wilfrido alikuwa hatua tatu tu kutoka hapo. Aliangalia viatu vyake.

 Everlides alipiga magoti, mkono mmoja umeshika beseni kichwani, wa pili ukiokota. Vichwa vya kamba vilinuka. Papai lilikuwa zuri, ila aliyelikata hakujua kukata. Nusu ya nyama ilikuwa imebaki kwenye ganda. Akainama zaidi, uso ukakaribia kugusa mawe, na kwenye beseni halikuanguka hata tunda moja.

“Ona anavyolibeba!” mgeni mmoja akasema, akiinua simu. “Wamezaliwa nacho hiki kipaji. Mwambieni atabasamu.”