Tundu kwenye Mlango wa Muriel

Gavin alikuwa amepiga magoti jikoni, penseli sikioni, mbele ya mraba alioutia alama chini ya mlango wa nyuma. Mama mkwe wake, Muriel, alisimama nyuma yake na kikombe cha chai mkononi, akiukodolea macho mraba ule. Ulikuwa mkubwa mno. Paka wake, Pippin, alikuwa mifupa na manyoya tu. Mraba ule ungempitisha mwana-kondoo.

"Si umezidisha?" aliuliza.

"Ndicho kipimo chake, Muriel."

"Kipimo cha nani?"

Gavin akasema kumbe hata Burnley, mji wao wa mvua, leo imepata jua. Muriel akakubali kwamba ni ajabu. Pale kwao jambo likiwakaa watu kooni huzungumzia hali ya hewa, naye alikuwa amezeekea palepale, hivyo hakudanganyika. Akaweka kikombe sakafuni karibu na mkwewe.

Kilango hicho hakukiomba. Rowena, binti yake, ndiye aliyepiga simu: Gavin atakuja Jumamosi kukuwekea kilango cha paka, usiwe unainuka kila mara kumfungulia. Kana kwamba kuinuka ni maradhi! Muriel alitaka kubisha, lakini Rowena alisema kwa upole asiouzoea, na upole ule ndio uliomtia shaka. Watoto wa Doreen, jirani yake, nao walianza kwa upole. Walimwekea mama yao vishikio bafuni, kisha kisanduku cha ufunguo ukutani ili wauguzi waweze kuingia. Pasaka ilipofika, Doreen alikuwa katika nyumba ya wazee, analishwa supu kabla jua halijatua, na mlangoni pake pamesimikwa bango la kuuza. Muriel alikwenda kumwona mara moja tu. Hakuwa na moyo wa kurudi.

Ndiyo maana asubuhi hiyo Gavin alimkuta juu ya ngazi, akitundika mapazia aliyoyafua kwa mikono yake. Alikuwa amekaa huko juu muda mrefu kuliko mapazia yalivyohitaji, ili mkwe asikose kumwona.

Msumeno wa umeme ukanguruma, ubao ukadondoka, na baridi ya uani ikampiga Muriel miguuni.

"Rowena yuko wapi?" aliuliza kelele zilipokoma.

"Ana shughuli zake."

"Jumamosi?"

"Jumamosi."

Muriel akatazama kikombe. Chai ilikuwa imefanya utando. Tangu aoe katika nyumba hii, Gavin hajawahi kuacha chai ipoe, wala biskuti kulala kwenye sahani. Mtu anayeshindwa kula kwa mwenyeji wake, Muriel aliwaza, ana jambo anamfanyia.

Gavin akakaza skrubu, akaeleza mambo ya kilango huku akikiangalia kilango chenyewe. Kinasoma chipu, kile kidude cha utambulisho kilichopachikwa chini ya ngozi ya paka. Unabonyeza kitufe, paka anapita, kinamjua. Asiyejulikana hafunguliwi. Wakampitisha Pippin, na kilango kikalia *tik*.

"Basi tumemaliza," Muriel alisema.

"Bado mmoja," Gavin alijibu, akatoka kwenda kwenye gari.

Bado mmoja. Muriel akajishika kwenye meza. Sasa tundu lile kubwa lilikuwa na maana. Wanahamia hapa, wao na Brutus, lile dude la paka lao la rangi ya chungwa, na yeye kitanda chake kimeshatafutwa mahali. Gavin alirudi amekumbatia kikapu cha plastiki, na ndani Brutus akilia kwa hasira.

"Niambie kweli, mwanangu," Muriel alisema. Sauti ilimtetemeka na hakujali. "Mkishahamia hapa, mimi mnanipeleka wapi?"

Gavin akakikumbatia kikapu zaidi.

"Hupelekwi popote, Muriel. Anayehamia ni Rowena. Na Brutus." Akakitazama kikapu. "Mimi nabaki kule. Alisema atakwambia. Nilidhani ameshakwambia."

Kitu cha kwanza alichokisikia Muriel ni nafuu, nafuu kubwa. Cha pili ni aibu, kwa sababu aliyekuwa akimtilia shaka alikuwa amesimama mbele yake, macho mekundu.

Gavin akatoka uani, akafunga mlango, akamtoa Brutus. Paka hakutaka kilango. Alijisugua kwenye magoti ya bwana wake, akazunguka, akajisugua tena. "Nenda," Muriel alimsikia Gavin akisema. "Nenda, mpumbavu wewe." Mwishowe akamsukuma matakoni taratibu. *Tik.* Brutus akaingia, akaanza kunusa miguu ya meza, na kilango kikajifunga nyuma yake.

Kupitia kioo kidogo cha kilango Muriel aliona magoti ya Gavin kwenye jiwe lenye maji. Hayakuinuka. Akangoja kidogo, kisha akaenda kumfungulia mlango.

Gavin alikusanya vifaa vyake akisema kilango hicho hakina usumbufu. "Ila betri zinakwisha baada ya miezi kadhaa. Ni rahisi, unafungua kifuniko hiki. Njoo nikuonyeshe."

"Mambo ya betri mimi siyawezi," Muriel alisema.

"Ni betri nne tu."

"Nne ni nyingi. Itabidi uwe unakuja." Akaimwaga ile chai baridi kwenye sinki, akabandika maji mengine.